Mashine Pepe Ikigoma: Soma Kwanza, Bonyeza Baadaye

Wanachuo wenzangu, haya ninayoyaandika ni somo, lakini ndani yake mna deni. Mwaka huu wa mwisho, kundi letu la utafiti la watu 5 lilikusanya madodoso 120 kwa wanafunzi wa sekondari, baadhi Muheza, baadhi Pangani. Tulivuka kwa kivuko kwenda Bweni, karatasi tumezitia ndani ya ndoo yenye mfuniko zisije zikalowa. Swali letu lilikuwa jepesi: mtoto anayetembea zaidi ya saa nzima kwenda shule, jioni anabaki na muda gani wa kusoma? Majibu yote tuliyaingiza kwenye laptopu moja, nayo ni yangu. Kisha kazi ya siku 9 ya mwenzetu mmoja niliifuta mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu, kwa sekunde 2, nikidhani nasafisha diski.

Sasa hivi najua nilichokosea. Nataka na wewe ukijue kabla hakijakukuta, hasa kama u miongoni mwa wale wanaotumia mfumo wa Linux na ndani yake wakafuga Windows kwa ajili ya programu moja mbili za chuo.

Kompyuta mbili ndani ya moja

Laptopu yangu niliinunua mkononi kwa bumu la mwaka wa pili, ikaongezewa na fedha ya likizo niliyopata kwa kupakia machungwa Muheza. Ina RAM ya GB 8 na diski ya GB 128. Ilikuja na Windows isiyo na leseni. Kila flashi iliyotoka kuchapisha kazi ilirudi na virusi, folda zinageuka njia za mkato, mara faili halionekani. Nikachoka. Mwenzangu wa hosteli akaniwekea Ubuntu 24.04, mfumo endeshi wa programu huria: bure, msimbo wake uko wazi, na virusi vile vya flashi haviujui.

Wako wanaodhani Linux ni kitu cha watu wa mbali, wasomi wenye ndevu. Linus Torvalds alipoanza kuitangaza kerneli yake huko Helsinki mwaka 1991 alikuwa mwanafunzi wa miaka 21, mdogo kwangu kwa mwaka mmoja. Ubuntu yenyewe ilitoka mara ya kwanza Oktoba 2004, ikianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa damu wa neno letu "utu". Mwaka huohuo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Kwa hiyo shughuli hii ina watu wake hapa kwetu tangu zamani.

Tatizo likawa moja. Programu ya takwimu tuliyofundishwa maabara, nakala tuliyopewa ilikuwa ya Windows tu. Hapo ndipo mashine pepe ilipoingia. Mashine pepe ni kompyuta ya kuigiza inayoishi ndani ya kompyuta ya kweli. Unaipa kipande cha RAM, kipande cha diski, na sehemu ya prosesa, nayo inaamini kabisa kwamba ni kompyuta kamili. Mfumo wa kweli, kwangu Ubuntu, huitwa mwenyeji. Ule wa ndani, kwangu Windows, huitwa mgeni. Programu inayowakutanisha ninayotumia mimi ni VirtualBox. Ilianzishwa na kampuni ya Ujerumani, innotek, ikatoka mwaka 2007, ikanunuliwa na Sun mwaka 2008, na Sun nayo ikanunuliwa na Oracle mwaka 2010. Sehemu yake kuu ni programu huria.

Mgeni akikaa vizuri, raha tupu. Asipokaa vizuri, ndipo wengi wetu hukimbilia kwa fundi, na fundi huwa na dawa moja tu.

Usiku wa -1908

Siku moja jioni, nyumbani Ngamiani, nilikuwa nasasisha Ubuntu huku nakula mihogo. Umeme ukakatika. Betri ya laptopu yangu ni ya kusindikiza tu, haimalizi dakika 5. Ikazima katikati ya kazi. Umeme uliporudi Ubuntu iliwaka bila shida, nikashukuru. Nilipobofya kumwasha mgeni, dirisha likaniletea ujumbe: "Kernel driver not installed", na namba rc=-1908.

Asubuhi nikaenda kijiweni kwa fundi. Akatazama kioo hata hakusoma.

"Mdogo wangu, hii Ubuntu itoe. Nikuwekee Windows, elfu 15 tu, saa moja ushaondoka."

"Na kazi zangu, kaka?"

"Kama una nakala, sawa. Kama huna, ndiyo maisha."

Sikuwa na nakala. Nikarudi nayo kwapani, na njiani nikakumbuka kitu kutoka mazoezi ya kufundisha. Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha kwanza aliandika nusu jumlisha theluthi ni mbili ya tano. Ningeweza kuweka mkasi mwekundu nikapita. Lakini jibu lile lilinieleza kila kitu: mtoto kajumlisha vya juu, kajumlisha vya chini. Jibu lenye kosa ndilo lililonionyesha pa kuanzia. Nikajiambia, huu ujumbe wa kompyuta nao ni jibu. Fundi kauwekea mkasi. Mimi niusome.

Panda ngazi kutoka chini

Ili usibahatishe, jua kwanza mashine pepe imesimama juu ya nini. Ni ngazi 5. Ya chini kabisa ni prosesa yenyewe. Ya pili ni BIOS, yale mapangilio yanayofunguka kompyuta inapowaka kabla mfumo haujaingia. Ya tatu ni kerneli, yaani kiini cha Linux. Ya nne ni VirtualBox. Ya tano ni mgeni. Ngazi ya chini ikivunjika, za juu zote hulalamika, na mara nyingi kelele hutokea juu ilhali ugonjwa uko chini. Kwa hiyo anza chini, panda ngazi moja moja, na kila ukibadilisha kitu, badilisha kimoja tu kisha ujaribu. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja ikapona, hutajua dawa ilikuwa ipi. Ikizidi kuumwa, hutajua sumu ilikuwa ipi.

Ngazi ya kwanza na ya pili. Fungua dirisha la amri na uandike:

egrep -c '(vmx|svm)' /proc/cpuinfo

Jibu likiwa 0, ama prosesa yako haina uwezo wa kubeba mashine pepe, ama uwezo huo umefungwa kwenye BIOS. Prosesa za Intel huuita VT-x, za AMD huuita AMD-V. Laptopu nyingi za mkononi huwa unao ila umezimwa. Washa upya, ingia BIOS (kwa kawaida kwa F2, F10, au Delete, hutegemea aina ya mashine), tafuta neno Virtualization, liwashe, hifadhi, toka. Kwangu jibu lilikuwa 4. Ngazi 2 salama.

Ngazi ya tatu. VirtualBox haiwezi kufanya kazi bila kipande chake kidogo kinachoingia ndani ya kerneli, kiitwacho vboxdrv. Kipande hiki hutengenezwa kwa kipimo cha kerneli fulani, kama fundi cherehani anavyokata kanzu kwa mwili fulani. Kerneli ikibadilika, kanzu ya zamani haiingii, sharti ishonwe nyingine. Kazi ya kushona hufanywa na programu iitwayo DKMS, na kitambaa chake ni vifaili viitwavyo "headers" vya kerneli ileile. Mimi umeme ulikatika kerneli mpya imeshaingia lakini kanzu haijashonwa. Niliandika:

uname -r

dkms status

Amri ya kwanza ilinionyesha namba ya kerneli inayotumika. Ya pili ilionyesha vboxdrv ipo kwa kerneli ya zamani tu. Basi ugonjwa umejulikana, na hata jasho halijanitoka. Tiba ilikuwa hii, amri moja baada ya nyingine:

sudo dpkg --configure -a

sudo apt install dkms linux-headers-$(uname -r)

sudo dkms autoinstall

sudo modprobe vboxdrv

Ya kwanza inamalizia usakinishaji uliokatizwa. Ya pili inaleta kitambaa. Ya tatu inashona. Ya nne inamvisha. Kama VirtualBox yako uliipakua moja kwa moja kutoka kwa watengenezaji wake badala ya kuichukua kwenye ghala la Ubuntu, mahali pa amri ya tatu tumia sudo /sbin/vboxconfig.

Kwangu amri 3 za mwanzo zilipita. Ya nne ikakataa: "Key was rejected by service". Hapa wengi hutupa taulo. Usitupe, soma: ufunguo umekataliwa. Laptopu nyingi za miaka hii zina ulinzi wa Secure Boot, unaozuia kipande chochote kisicho na sahihi inayotambulika kuingia kwenye kerneli. Ukitaka kujua kama umewashwa, andika mokutil --sb-state. Kama ni "enabled", una njia 2. Ya kwanza ni kuuzima kwenye BIOS. Ni rahisi, ila unabomoa ukuta ili kupitisha kiti. Ya pili ni kuusajili ufunguo wa mashine yako mwenyewe:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Utaombwa kutunga nywila. Itunge, ikumbuke, kisha washa upya. Itatokea skrini ya bluu. Watu huiogopa, wakaiacha ipite, halafu wakalaumu programu. Usiiache. Chagua "Enroll MOK", endelea, weka ile nywila, ruhusu kompyuta iwake. Nikafanya hivyo. Mgeni akawaka saa 5 usiku. Nilipiga kelele mpaka mama akauliza kulikoni.

Ningekuwa na haraka ya kuwasilisha kazi asubuhi, ipo njia ya mkato iliyo halali: Ubuntu kwa kawaida hubakiza kerneli ya zamani. Wakati wa kuwaka, bonyeza Esc au Shift, chagua "Advanced options", kisha kerneli ya kabla. Utafanya kazi yako leo, tiba utaitafuta kesho ukiwa umetulia.

Wagombanao na dalili nyingine

Siku hizi iko hitilafu nyingine inayowakamata wengi baada ya kusasisha: VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE. Maana yake ni kwamba kiti cha prosesa kimekaliwa. Linux ina mashine pepe yake ya asili, KVM, na kuanzia kerneli 6.12 hiyo KVM hukamata kiti mara tu inapopakiwa, hata kama huitumii. VirtualBox ikija inakuta kimejaa. Kwa muda, muondoe kwa sudo modprobe -r kvm_intel, au kvm_amd kama prosesa ni ya AMD. Kwa kudumu, ongeza maneno kvm.enable_virt_at_load=0 kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya faili /etc/default/grub, kisha sudo update-grub, kisha washa upya.

Mgeni akiwaka lakini anakwenda kama anasukuma mkokoteni, tazama RAM uliyompa. Mwenye nyumba akibaki na njaa, mgeni naye hali. Kwenye GB 8, mimi humpa mgeni 4 na sizidishi, na kivinjari cha mwenyeji nakifunga. Mwenye GB 4 jumla, nakwambia ukweli, Windows ndani ya Linux itakutesa. Soma mwisho wa makala haya.

Flashi isipoonekana kwa mgeni, huenda wewe mwenyewe hujaingizwa kwenye kundi la wanaoruhusiwa: sudo usermod -aG vboxusers $USER, kisha toka uingie tena. Skrini ikiwa ndogo kama stempu na maneno hayanakiliki kutoka ndani kwenda nje, msakinishie mgeni Guest Additions kupitia menyu ya Devices.

Na usipoelewa kabisa, ipo shajara. Ndani ya folda ya VirtualBox VMs, folda ya mashine yako ina folda ya Logs, na humo mna VBox.log. Nenda mwishoni mwa faili, urudi nyuma ukitafuta maneno yanayoanza na VERR. Ndilo neno la kumpelekea mtu unayemwomba msaada. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ukisema "haifanyi kazi" tu, umeyaficha maradhi.

Nilipoacha kusoma

Sasa nimefika kwenye deni.

Baada ya usiku ule nilivimba kichwa. Hosteli nzima nikawa "fundi". Kabla ya kuendelea na kazi nikafanya jambo nililoambiwa ni la busara: nikachukua snapshoti, yaani picha ya hali ya mashine kwa saa ile, ili mambo yakiharibika nirudi hapo. Wakati huo madodoso 46 yalikuwa yameshaingizwa. Kisha nikamkabidhi laptopu dada mmoja wa kundi letu, maana ndiye mwenye mkono mwepesi kwenye kibodi. Kwa siku 9, jioni baada ya vipindi, aliingiza madodoso 74 yaliyobaki. Mengine mwandiko wake ulikuwa wa penseli, mtoto kaandika na kufuta na kuandika tena.

Laptopu iliporudi, mgeni akajisimamisha mwenyewe katikati ya kazi. Ujumbe ulisema diski ya mwenyeji imejaa, nafasi ikipatikana mashine itaendelea. Ujumbe mzuri kabisa, uliokuwa ukinipa dawa. Nikaandika df -h, kweli, asilimia 100. Kilichojaza diski nakijua: tamthilia za Kikorea, misimu mitatu. Lakini sikutaka kuzifuta. Nikaenda kutafuta kikubwa kingine, nikaikuta folda iitwayo Snapshots, ndani yake faili lenye jina refu la namba na herufi ndani ya mabano, GB 11. Nikawaza: snapshoti ni picha ya zamani, na mimi sihitaji kurudi zamani. Nikaifuta. Nikamwaga na ndoo ya taka, ili nafasi ipatikane mara moja.

Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapotaka mtu asianguke tena. Snapshoti haifanyi kazi kama picha ya harusi inayowekwa kabatini. Unapoipiga, VirtualBox huifunga diski ya msingi isiguswe tena, na kila kitu kipya kuanzia dakika ile hukiandika kwenye faili jipya ndani ya folda ya Snapshots. Kwa hiyo cha zamani ndicho kilichoko kwenye faili kubwa lenye jina la kueleweka. Cha leo ndicho kilichoko kwenye lile lenye jina la ajabu. Mimi nilifuta leo, nikaibakiza jana.

Mgeni hakuwaka tena. Niliiondoa mashine kwenye orodha kwa kuchagua "Remove only", na hili nalo likariri: ukichagua "Delete all files" hapo, umechimba kaburi. Kisha nikaunda mashine mpya na kuipachika ile diski ya msingi. Ikawaka. Nikafungua faili letu. Safu 46.

Nilimpigia simu dada yule.

"Kaka, usiniambie habari mbaya saa hizi."

Nikamwambia. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Karatasi zipo?" akauliza.

"Zipo. Ndani ya ndoo."

"Basi kesho uje nazo. Safari hii wewe unaandika, mimi nakusomea."

Ndivyo ilivyokuwa. Usiku 3, yeye anasoma, mimi naandika, wenzetu wengine wanakagua, siku 5 kabla ya tarehe ya kuwasilisha. Kuna dodoso moja la mtoto anayetoka nyumbani saa 10 alfajiri. Mara ya kwanza kwangu lilikuwa namba kwenye safu. Kusomewa kwa sauti, usiku, na mtu uliyempotezea kazi yake, ni kitu kingine.

Ghala liwe kwa mwenyeji

Tuna methali yetu: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwenye mashine pepe naongeza: mpe jembe, lakini mavuno yasilale chumbani kwake. Mgeni anaweza kuharibika wakati wowote, na kumtengeneza upya ni kazi ya jioni moja. Takwimu zako haziundwi upya kirahisi hivyo. Kwa hiyo, haya ndiyo makubaliano ya kundi letu baada ya msiba ule.

Kwanza, faili la kazi hukaa nje. Tengeneza Shared Folder kwenye mapangilio ya mashine, na mgeni ahifadhi humo. Mgeni akifa, faili liko kwenye Ubuntu, zima.

Pili, snapshoti haihesabiki kuwa nakala rudufu. Inakaa kwenye diski ileile, na diski ikifa au laptopu ikiibwa, vyote huondoka pamoja. Nakala rudufu ni ile iliyoko mahali pengine: kwenye flashi, kwa mwenzako, kwenye barua pepe. Sisi kila jioni faili lilikwenda kwa watu 2, na jina lake likiwa na tarehe.

Tatu, usifute kitu chochote ndani ya folda ya mashine pepe kwa mkono. Snapshoti hufutwa kutoka ndani ya VirtualBox yenyewe, nayo huiunganisha kazi mpya na diski ya msingi. Uunganishaji nao wahitaji nafasi, kwa hiyo ongeza nafasi kwanza: sudo apt clean, tamthilia, vipakuliwa vya mwaka juzi.

Nne, kabla ya kusasisha mfumo, hakikisha chaji ipo, mgeni amezimwa vizuri, na nakala imeshatoka. Huku kwetu usiitegemee betri ya kusindikiza.

Tano, kabla ya kumlisha mgeni, jiulize kama unamhitaji. Kwa mwenye RAM ndogo, kwa takwimu za kiwango chetu ipo PSPP, programu huria inayokaa Ubuntu moja kwa moja kwa amri ya sudo apt install pspp, na sura yake haiko mbali na tuliyozoeshwa maabara. Ipo pia R kwa mwenye moyo wa kuandika amri. Jedwali la marudio, wastani, na chi-square vyote utavipata humo bila Windows. Muulize msimamizi wako mapema kama anaikubali, usisubiri wiki ya mwisho.

Sisi watu wa ualimu tunakwenda kwenye shule ambazo maabara yake ina kompyuta 10 za kugawiwa, zinawaka 6, na fundi yuko mjini. Huko mwalimu wa kompyuta ndiye fundi. Nikifika, somo langu la kwanza litakuwa kusoma ujumbe wa hitilafu mpaka nukta ya mwisho, kwa sauti, mbele ya darasa, kabla mkono wa mtu haujagusa kipanya. Nitawasimulia na safu 46.

Ripoti tumeiwasilisha. Jina la dada yule tumelitanguliza, nami nimekaa wa mwisho, na sikuhitaji kuambiwa. Kwenye mfuniko wa laptopu yangu nimebandika kikaratasi: "Imesema nini?" Mashine pepe yako ikigoma, nitafute, nitakusaidia bure, hata elfu 15 sitaki. Ila uje na ujumbe ulioandikwa kwenye kioo, neno kwa neno, na nakala rudufu mfukoni.